"Limit" haina maana ya kuzuia: jibu kwa katibu wa chama cha akiba na mikopo

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa chama cha akiba na mikopo hapa Mwanza. Nimepewa kazi ya kutafsiri kijitabu chetu cha masharti kutoka Kiingereza, na kila nilipokutana na neno "limit" nimeandika "zuia" au "kizuizi". Kwenye mkutano niliwasomea wanachama: "Mikopo imezuiwa hadi shilingi milioni tano." Hali ya hewa ikachafuka. Walidhani mikopo imesimamishwa mpaka mfuko ufikishe milioni tano. Kuna sentensi nyingine mbili za namna hiyo, moja inasema mafaili ya wanachama ni "restricted to the committee", na nyingine inasema "liability" ya mwanachama, yaani wajibu wake wa kulipa madeni ya chama, ni "limited to his shares". Kamusi inanipa kikomo, ukomo, mpaka, kizuizi, sharti. Nitumie lipi? Na "limit" lina tofauti gani na "restrict", "ban", "curb" na mengine ya ukoo huo?

JIBU

Marahaba, binti yangu. Wanachama wako walisikia sawasawa kabisa. Ukimwambia Mswahili kwamba kitu "kimezuiwa", umeshamfungia mlango. Ukiongeza "hadi", anachoweza kuelewa ni kwamba unamtajia siku au sharti la kuufungua. Kwa hiyo sentensi yako ni Kiswahili kizuri cha jambo lingine.

Kiingereza chake hakikuwa kinafunga mlango. "Loans are limited to five million" inamwambia mwanachama aingie, chumba ni chake, na ukuta wa mwisho uko pale kwenye milioni tano. "Limit" ni neno la ruhusa. Linataja pale ruhusa inapoishia, na kwa kufanya hivyo linakiri kwamba ruhusa ipo. "Kuzuia" linaondoa ruhusa. Tofauti hiyo ukiishika, nusu ya kijitabu chako itanyooka yenyewe.

Asili ya neno inasaidia hapa. Limetoka kwenye Kilatini "limes", yaani njia au mstari unaotenga shamba na shamba, na Warumi walikuja kulitumia hata kwa mpaka wa dola yao kule Ujerumani. Huko kwenu wakulima wamezoea kupanda minyaa au katani pembeni mwa mashamba. Mnyaa haumkatazi mtu kulima. Unamwonyesha jembe liishie wapi.

Sasa tazama neno dogo ambalo wewe mwenyewe uliliandika: "hadi". Hilo nalo tumelipata kwa Waarabu, na kwao ni nomino yenye maana ya mpaka, ukingo, mwisho wa kitu. Vilevile "mpaka" kwetu ni nomino, mpaka wa Tanzania na Uganda, na papo hapo ni kiunganishi, "nilisubiri mpaka saa nne". Kiswahili kimekwisha kulifungia wazo la "limit" ndani ya neno "hadi". Ulipoandika "imezuiwa hadi", kazi ilikuwa imekamilika katika neno la pili, na neno la kwanza likaiharibu. Futa "imezuiwa" uone:

"Mwanachama anaweza kukopa hadi shilingi milioni tano."

Hakuna atakayegomba. Na kama kijitabu kinahitaji lugha ya kisheria zaidi, andika "mkopo usiozidi shilingi milioni tano". Mimi nimetafsiri nyaraka za namna hii kwa miaka mingi, na kama ningelazimika kuchagua tafsiri moja tu ya "limit", nisingechagua kikomo wala mpaka. Ningechagua kitenzi "zidi" katika ukanushi: mkopo usiozidi, mikopo isiyozidi, kiasi kisichozidi, fedha zisizozidi. Angalia upatanisho wako tu, maana hapo ndipo makatibu wengi wanapoteleza. Kiingereza kinapenda kulifanya wazo kuwa nomino na kulisimamisha peke yake kama nguzo. Kiswahili kinapenda kitu kitende. Soma Ibara ya 40 ya Katiba ya Tanzania. Kile ambacho Waingereza wanakiita "term limit" hakikuandikwa pale kama nomino yoyote. Imeelezwa tu kwamba hakuna mtu atakayechaguliwa kuwa Rais zaidi ya mara mbili. Mtoto wa darasa la tano anaelewa.

Mtaani kuna neno jingine ambalo watafsiri wanalidharau bure, nalo ni "mwisho". "Mzigo mwisho kilo ngapi?" "Kutuma kwa siku mwisho bei gani?" "Mwisho wa kupokea fomu Ijumaa." Ukipatana bei sokoni unamwuliza muuzaji "mwisho shilingi ngapi?", nawe hutaki akuzuie kununua, unataka kujua bei ambayo hatashuka tena chini yake. Hiyo ni "limit" halisi kabisa. Hata ule usemi wa Kiingereza "there's a limit to my patience", ambao nimeuona umetafsiriwa "kuna kikomo kwa uvumilivu wangu", kwetu ni "uvumilivu una mwisho", basi.

Haina maana kwamba nomino hazina kazi. Zina kazi, ila kila moja ina mahali pake. "Kikomo" limekaa vizuri kwenye kiwango kilichopangwa na mamlaka. Ndiyo maana EWURA, mamlaka ya Tanzania ya udhibiti wa nishati na maji, inatangaza kila mwezi "bei kikomo" za mafuta: muuzaji aweza kuuza chini yake, si juu yake. Kiingereza cha hapo ni "cap", kofia, na "cap" ni "limit" ya upande wa juu pekee. "Ukomo" linapendelea muda na nafasi. Tunasema ukomo wa vipindi vya urais, ukomo wa umri kama ule wa miaka 75 ulioondolewa kwenye Katiba ya Uganda mwaka 2017, na ukomo wa muda wa kufungua shauri mahakamani, ambao kwa madai ya ardhi ni miaka 12 Tanzania na Kenya pia. Ukiandika "ukomo", hakiki herufi ya mwisho mara mbili. Nimeshaona waraka uliochapishwa ukiwa na "ukoma wa muda wa rufaa", na ukoma ni maradhi.

"Mpaka" lina hatari yake, na hii inakuhusu wewe moja kwa moja. Katika umoja ni ardhi na ramani. Katika wingi, "mipaka", ni adabu na madaraka. "Amevuka mipaka" ni lawama nzito, maana yake amekosa heshima, amejitwalia asichopewa. Sasa kijitabu chako bila shaka kina sentensi juu ya mwanachama anayeomba zaidi ya kiwango chake. Ukiandika "mwanachama akivuka mipaka ya mkopo", umemtukana mtu aliyejaza fomu kwa nia njema. Andika "akiomba zaidi ya kiwango anachostahili".

Kwa sababu hiyohiyo, Mwingereza akisema dereva alikuwa "over the limit", usiandike kwamba alivuka mpaka. Hajataja pombe, lakini kila msikilizaji wa kwao anajua kwamba ni pombe: miligramu 80 katika mililita 100 za damu kule England, na 50 kule Scotland tangu Desemba 2014. Kwetu inabidi pombe itajwe: "alikuwa amekunywa kupita kiwango kinachoruhusiwa". Na akisema kitu ni "off limits", hapo ndipo panaponiuma, maana hapo kwa kweli ni katazo: hapaingiliwi, hapaguswi, hapazungumzwi. Neno lilelile likitanguliwa na "off" linatoka kwenye ruhusa linaingia kwenye marufuku.

Tuje kwa "restrict". Hili limetokana na kitenzi cha Kilatini cha kuvuta kamba na kukaza, "stringere", na ndugu zake ni "strict", "restrain" na "constrict", lililozaa "constrictor", jina analopewa chatu kwa kazi yake. Kiini chake ni kubana. "Limit" yaweza kuwa maumbile tu, kama nguvu za mwanadamu zilivyo na mwisho bila mtu kuziwekea, ila ndani ya "restrict" daima kuna mkono wa mtu unaokaza. Kwa bahati nzuri Kiswahili kina vitenzi vya mkono: kubana matumizi, kuminya uhuru wa habari, kufinya nafasi ya wapinzani. Vyote hivyo ni "restrict", na kila kimoja kina hisia yake. "Kubana matumizi" kinaweza kuwa sifa, baba mwenye busara hubana matumizi. "Kuminya uhuru" ni shutuma siku zote. Kiingereza kinatumia neno moja kwa yote mawili na kumwachia msomaji aamue, lakini wewe mtafsiri huna anasa hiyo. Lazima ujue mwandishi anasifu au analaumu kabla hujachagua kitenzi.

Kwa vitendo, tofauti ya "limit" na "restrict" naifundisha kwa maswali. Kama sentensi inajibu "kiasi gani, umbali gani, mara ngapi", aghalabu ni "limit". Kama inajibu "nani, wapi, wakati gani, kwa sharti lipi", aghalabu ni "restrict". Mwendo wa gari una "limit", kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu. Kambi ya jeshi ni eneo "restricted", kwa sababu swali la pale ni wewe ni nani. Waingereza wenyewe wanachanganya mara nyingi, hasa panapokuwa na "to", kwa hiyo usiishike kama sheria ya Musa. Ishike kama fimbo ya kupapasia njia.

Hiyo "to" ndiyo iliyokukwaza, na inastahili maelezo. "Limited to" na "restricted to" zikifuatwa na namba, tafsiri ni "hadi" au "isiyozidi". Zikifuatwa na watu au vitu, tafsiri ni "tu" au "pekee". Basi sentensi yako ya mafaili haina zuio wala kizuizi ndani yake:

"Mafaili ya wanachama yatasomwa na wajumbe wa kamati pekee."

Umeona ilivyo fupi? Na ukikutana na ile kauli ambayo wanasheria hawaachi kuiandika, "including but not limited to", usianze kuhangaika na "bila kuwekewa kikomo kwa". Andika "ikiwemo, lakini si hayo tu", kisha endelea na orodha yako.

Ukoo wa "ban", "prohibit" na "forbid" ni mwingine kabisa. Humo hakuna ruhusa hata chembe. "Forbid" ni la nyumbani na la dini, mzazi kwa mtoto, Mungu kwa waja. "Prohibit" ni la ubao wa tangazo na la sheria. "Ban" ni la gazeti na la mtaani, nalo asili yake ni kutangaza hadharani. Ukitaka kuliona katika hali yake ya zamani, nenda kanisani siku yanaposomwa matangazo ya ndoa, ambayo Kiingereza kinayaita "banns": ni neno hilohilo, na wala hakuna anayekatazwa kuoa. Nasi tunalo wazo la jirani, kwa maana marufuku "hupigwa", kama mbiu inavyopigwa, ili kila mtu asikie.

Hapa matumizi ya nchi zetu yanatofautiana, nawe kijitabu chako ni cha Tanzania. Mifuko ya plastiki ilipoondolewa, Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, Wakenya walisema "marufuku ya mifuko" na serikali ya Tanzania ikapenda zaidi "katazo". Mchezaji aliyepewa adhabu ya mechi tatu, kwa Mkenya amepigwa marufuku mechi tatu, kwetu "amefungiwa". Gazeti nalo kwetu "hufungiwa". Neno "zuio" tumeliachia mahakama, zuio la kuuza nyumba kesi ikiendelea, na "kizuizini" ni mahali pa kumweka mtu, tena bila hukumu. Kwa hiyo "kizuizi cha mkopo" kwenye kijitabu cha chama cha akiba kinabeba harufu ya polisi ambayo hukuikusudia.

Na kuna "mwiko". Hili halina mwenzake katika ukoo huu wa maneno ya Kiingereza, maana mwiko hautangazwi na mtu, mwiko unakutwa. Ndiyo sababu ninavutiwa kila nikikumbuka Azimio la Arusha la mwaka 1967. Masharti ya viongozi, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asipangishe nyumba, kwa Kiingereza yalijulikana kama "Leadership Code". Kwa Kiswahili tukasema miiko ya uongozi. "Code" unaweza kuirekebisha kikaoni, na kweli mwaka 1991 kule Zanzibar chama tawala, CCM, kiliilegeza. Lakini aliyekulia kwenye neno "miiko" alihisi kitu tofauti siku ile. Watu wa rika langu bado wanaulizana juu yake, na nadhani neno lenyewe ni sehemu ya sababu.

"Curb" na "check" nitayapita haraka. "Curb" ni lijamu, chuma kinachokaa mdomoni mwa farasi na mnyororo wake chini ya kidevu. Hakimsimamishi, kinampunguza kasi, hivyo "curb inflation" ni kupunguza makali ya mfumuko wa bei au kuudhibiti, si kuukomesha. "Check" limetoka kwenye sataranji, kwa Waajemi, kutoka neno "shah", mfalme, ambalo sisi tunalo katika "shaha wa malenga". Mfalme akitishwa, mchezo wote unasita. "Keep in check" ni kudhibiti kwa kuangalia usiku na mchana. Kile kifaa cha matatu za Kenya kilicholazimishwa mwaka 2004 wakati wa waziri wa uchukuzi John Michuki, "kidhibiti mwendo", kilipata jina zuri: gari linakwenda, ila halipiti kilomita 80.

"Confine" silipiti haraka, kwa sababu liliwahi kunifedhehesha. Nilikuwa kijana, natafsiri barua za zamani za mke wa mmisionari. Aliandika juu ya mwanamke wa jirani "after her confinement", nami nikaandika "baada ya kifungo chake". Mama mmoja mhariri, mtu mzima wa Tanga, alinirudishia ukurasa akaniuliza yule mwanamke aliiba nini. Kisha akanifundisha: katika Kiingereza cha zamani "confinement" ni kujifungua na zile siku za kukaa ndani baada yake. Kwetu ni arobaini. Hakuna askari wala kufuli, kuna uji, maji ya moto ya kukandwa, na wanawake wa ukoo wanaoingia na kutoka. Sheria yake ni ngumu, hatoki, lakini imejaa huruma. Ukiangalia jirani yake, eda ya mjane, miezi minne na siku kumi, nayo ni kukaa ndani, ila moyo wake ni msiba. Mwingereza angeviita vyote viwili "confinement" au "restriction". Tangu siku ile sijatafsiri neno la kumfungia mtu ndani kabla ya kujua amefungiwa na nani, na kwa mapenzi au kwa adhabu.

Na kama una ndugu anayeandika tasnifu ya Kiswahili chuoni, mwambie na hili: "limitations of the study" si "mipaka ya utafiti". Mipaka ni pale mtafiti alipochagua mwenyewe kuishia, wilaya mbili, riwaya tatu. "Limitations" ni yale yaliyomkwaza bila kuyachagua, watoa taarifa waliokataa kuhojiwa, barabara iliyokatika kwa mvua. Hayo ni vikwazo au upungufu wa utafiti. Wasimamizi wengi hurudisha sura ya kwanza kwa kosa hilo pekee.

Imebaki sentensi ya "liability". Hapa naomba uwe mwangalifu kuliko kote, kwa sababu ndiyo inayogusa mifuko ya watu. Neno "Limited" mwishoni mwa jina la kampuni, "Ltd", halina maana ya udogo wala ya kuzuiwa. Bunge la Uingereza lililazimisha liandikwe mwaka 1855, ili anayekopesha kampuni ajue mapema kwamba ikifilisika hatawafuata wenye hisa majumbani kuuza ng'ombe wao. Deni linaishia kwenye kile walichoahidi kuweka. Ukiandika "dhima ya mwanachama imezuiwa kwa hisa zake", mwanachama ataelewa kwamba hisa zake ndizo zimezuiwa, kisha Jumatatu asubuhi utawakuta mlangoni wamekuja kuzitoa. Wanasheria huandika "dhima yenye kikomo", nalo si kosa, liweke kwenye kichwa cha kifungu. Chini yake andika hivi:

"Chama kikishindwa kulipa madeni yake, mwanachama hatadaiwa zaidi ya thamani ya hisa zake."

Kabla ya kupeleka kwa mchapaji, msomee sentensi hizo tatu mwanachama mmoja asiyejua Kiingereza kabisa, halafu mwombe akueleze kwa maneno yake ni kiasi gani anaweza kukopa, nani ataona faili lake, na chama kikianguka atadaiwa nini. Akikwama popote, niandikie tena na unitumie kifungu hicho kizima.